Je, matapeli wa Kariakoo 'huwalaza' watu? Fahamu hipnosisi na jinsi ya kuijaribu na rafiki yako

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo, iwe Narung'ombe au upande wa Mnazi Mmoja, halafu uliza habari za watu waliolizwa mjini. Hutamaliza kikombe kabla hujasikia kauli hii: "Walimpulizia dawa, akatoa hela mwenyewe."

Hadithi zenyewe zinafanana. Mtu anashuka kwenye mwendokasi Gerezani au Msimbazi, ana hela za mzigo. Anakutana na mtu mpole, mwenye heshima zake, anaulizwa njia. Mara anatokea wa pili. Wanaongea, wanatembea kidogo, wanaongea tena. Nusu saa baadaye yuko peke yake, simu hana, hela hana, na mkononi amebaki na bahasha yenye karatasi zilizokatwa saizi ya noti. Akifika nyumbani anaulizwa ilikuwaje, hana jibu. Anachoweza kusema ni kwamba alipumbazwa.

Wakati huohuo, kwenye simu za vijana zimejaa video za watu wanaopiga kidole na mwenzao anaanguka usingizini. Wengine wanaahidi kukufundisha kumlaza rafiki yako ndani ya dakika chache.

Hapo yanakuja maswali mawili. Je, kitu hiki kipo kweli na mtu wa kawaida anaweza kujifunza? Na je, ndicho kinachowaliza watu Kariakoo?

Jibu fupi: kipo, na hatua zake za mwanzo hazihitaji uganga wala kipaji cha ajabu. Ila hakifanyi kazi kama watu wengi wanavyodhani. Ukiijua tofauti hiyo, inaweza kukuokolea hela za ada.

Hipnosisi ni nini hasa?

Kitaalamu kitu hiki kinaitwa hipnosisi. Ni hali ambayo mtu ametulia, akili yake yote ameielekeza kwenye jambo moja, na anapokea maelekezo ya mwenzake kwa wepesi kuliko siku zote.

Hajalala. Neno "kulaza" lenyewe linapotosha. Anasikia honi za bajaji nje, anajua yuko kwa nani, na akitaka kuinuka aondoke, anainuka.

Wewe mwenyewe umewahi kufika jirani na hali hiyo. Ni pale unapoangalia Simba na Yanga mpaka unaitwa mara tatu husikii. Au umepanda daladala, umezama kwenye mawazo, unashtuka kituo chako kimepita.

Sehemu ya pili ni pendekezo, yaani yale maneno unayoambiwa ukiwa umetulia. Unaambiwa, "Mkono wako unakuwa mwepesi, unaanza kunyanyuka." Kwa baadhi ya watu unanyanyuka kweli, na wao wanahisi kama umejinyanyua wenyewe.

Lakini si kwa wote. Mwaka 1959, watafiti Andre Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walitoa kipimo cha kuangalia nani anaingia kwenye hali hii na nani haingii. Picha iliyojitokeza inakubalika mpaka leo: wachache wanaingia kirahisi sana, wachache wengine hawaingii kabisa, na walio wengi wako katikati.

Maana yake ni kubwa. Uwezo mwingi uko kwa anayelazwa, si kwa anayelaza. Hakuna mtu mwenye "macho makali" anayeweza kumlaza yeyote anayekutana naye Mtaa wa Kongo.

Hadithi ilianzia wapi?

Katika karne ya 18, daktari Franz Anton Mesmer aliyetoka Vienna alipata umaarufu mkubwa jijini Paris. Alidai kuna nguvu ya sumaku inayopita kwenye miili ya watu, na yeye anaweza kuielekeza akaponya. Wagonjwa wake walilia, walitetemeka, wengine walizimia.

Mwaka 1784, Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza. Ndani yake walikuwemo Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier.

Jaribio lao moja lilikuwa rahisi. Mfuasi wa Mesmer "alitia nguvu" kwenye mti mmoja bustanini, kisha kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupelekwa kwenye miti. Alizimia, ila alizimia kwenye mti ambao haukuwa umeguswa. Tume ikahitimisha kwamba kazi yote ilikuwa inafanywa na fikra za mgonjwa mwenyewe.

Miaka kama 60 baadaye, daktari wa upasuaji wa Scotland, James Braid, aliyekuwa anafanya kazi Manchester, alianza kuichunguza hali hii bila habari za sumaku. Kitabu chake cha mwaka 1843 ndicho kilichoeneza jina linalotumika leo, linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye Braid aliona jina hilo halifai kwa sababu watu hawalali, akajaribu kulibadilisha ili limaanishe "wazo moja". Alikuwa amechelewa, la kwanza lilishazoeleka.

Leo hipnosisi ina matumizi hospitalini katika nchi kadhaa. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali mwaka 1955, na kile cha Marekani mwaka 1958. Mwaka 1984, daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba inawapa nafuu wagonjwa wenye matatizo sugu ya utumbo yanayoleta maumivu na tumbo kujaa gesi. Inatumika pia kupunguza wasiwasi na maumivu, pamoja na matibabu mengine.

Kwa mtu wa Pwani, mambo haya si mageni sana. Anayejua ngoma za kupunga pepo ameshaona jinsi mdundo unaojirudia, harufu ya ubani na imani ya watu waliokusanyika vinavyoweza kumbadilisha mtu mbele ya macho yako. Hivyo si kitu kimoja na hipnosisi, na vina maana yake kwa wenyewe. Lakini vyote vinaonyesha kwamba akili ikielekezwa sehemu moja, mwili unafuata.

Kabla hujaanza: mambo matano

Kama unataka kujaribu na rafiki, hakikisha haya kwanza.

1. Amekubali mwenyewe. Si kwa kulazimishwa, si kwa kushtukizwa, si mbele ya kundi linalomcheka.

2. Ni mtu mzima mwenye afya. Usijaribu kwa mtoto. Usijaribu kwa mtu mwenye kifafa, anayesikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, au anayetibiwa tatizo kubwa la akili. Huyo ni wa daktari.

3. Hajalewa na hajatumia kilevi chochote. Wewe pia.

4. Mmekubaliana mtafanya nini. Mwambie mapema: "Nitakusaidia utulie, nitakupa pendekezo la mkono kuwa mwepesi, halafu nitahesabu urudi." Basi, usiongeze lingine katikati.

5. Anajua anaweza kuacha wakati wowote. Mwambie wazi kwamba akifungua macho, zoezi limeisha, na hakuna atakayekasirika.

Hatua kwa hatua kwa anayeanza

Tafuta chumba chenye utulivu. Kwa anayekaa uswahilini kelele haziishi, kwa hiyo chagua muda: baada ya chakula cha mchana au usiku, spika ya jirani ikishazimwa. Simu weka kimya.

*Hatua ya kwanza: mazungumzo.* Muulize anadhani hipnosisi ni nini. Kama anaogopa kwamba atatoa siri zake, mwambie ukweli: hatasema asichotaka kusema. Dakika tano hizi ndizo zinazobeba zoezi zima. Mtu mwenye hofu hatulii.

*Hatua ya pili: jaribio la ndoo na puto.* Anyooshe mikono yote miwili mbele, afumbe macho. Mwambie mkono wa kulia umeshika ndoo, na maji yanajaa taratibu. Mkono wa kushoto umefungwa puto kubwa linaloelea. Endelea kumwelezea kwa dakika moja au mbili, kisha afungue macho aangalie. Kama mikono imeachana sana, huyo anapokea mapendekezo vizuri. Kama haijasogea, msicheke wala msilazimishe. Ndivyo alivyo.

*Hatua ya tatu: kutulia.* Akae kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu chini. Achague alama moja ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho, aiangalie bila kuhama. Avute pumzi kwa pua, aitoe polepole. Wewe ongea kwa sauti ya chini na bila haraka, hasa pale anapotoa pumzi: "Macho yanaanza kuchoka... kope zinakuwa nzito... zikitaka kufumba, ziache zifumbe."

*Hatua ya nne: kushuka.* Macho yakishafumba, pitia mwili kuanzia juu: paji la uso, taya, mabega, mikono, tumbo, miguu. Kisha hesabu kutoka 10 kurudi 1, na kila namba umwambie anazidi kutulia. Unaweza kutumia picha anayoipenda, mfano anashuka ngazi kuelekea ufukweni Kigamboni. Muulize kabla. Mtu anayeogopa bahari ukimpeleka ufukweni umemharibia.

*Hatua ya tano: pendekezo dogo.* Chagua moja tu na lenye faida: mkono wake ni mwepesi kama pamba, au akivuta pumzi tatu kabla ya mtihani atahisi kutulia. Rudia kwa maneno tofauti. Mpe muda.

*Hatua ya sita: kumrudisha.* Hatua hii usiiruke hata kama unaona hakuna kilichotokea. Mwambie: "Nitahesabu mpaka 5. Nikifika 5 utafungua macho, una nguvu, uko sawa." Hesabu taratibu. Akifungua macho, mpe maji, muulize anajisikiaje, na asipande bodaboda au kuendesha gari mpaka awe mchangamfu kabisa.

Kama akigoma kufungua macho, usipaniki. Hakuna mtu "anayekwama" huko. Mara nyingi ni kwamba anafurahia utulivu au amepitiwa na usingizi wa kawaida, ataamka mwenyewe.

Usivuke mstari huu

Usimwambie rafiki arudi kwenye tukio baya la zamani, kama ajali, msiba au ukatili. Unaweza kufungua kidonda ambacho huna uwezo wa kukifunga.

Usitumie hipnosisi "kumkumbusha" mtu nani alimwibia. Utafiti umeonyesha kwamba mtu akiwa kwenye hali hii anaweza kutengeneza kumbukumbu isiyo ya kweli, kisha akaiamini kabisa. Unaweza kusababisha jirani asiye na kosa akapigwa.

Usimwambie mtu aache dawa za hospitali. Wala usimrekodi na kumrusha mtandaoni bila ruhusa yake.

Sasa turudi Kariakoo

Kama hipnosisi inataka kiti, utulivu, hiari na dakika 20, inawezekanaje mtu apigwe kwenye msongamano wa Msimbazi, makelele ya spika na watu wanakukanyaga?

Mwaka 1965, watafiti Martin Orne na Frederick Evans walichapisha jaribio linalosaidia kujibu. Waliwaambia watu waliokuwa kwenye hipnosisi wafanye mambo ya hatari, kama kumshika nyoka mwenye sumu na kumrushia mtu tindikali. Kwa siri, kila kitu kilikuwa kimewekewa kinga. Wengi walitii.

Lakini lilikuwepo kundi la pili, la watu walioambiwa wajifanye tu wako kwenye hipnosisi. Nao walitii vilevile. Sababu yao ilikuwa moja: waliamini watu wazito kama wale hawawezi kuruhusu mtu aumie.

Kwa maneno mengine, kilichofanya kazi ni mazingira na imani kwa mtu anayekuelekeza. Hapo ndipo tapeli anapopigia kazi. Angalia silaha zake.

*Haraka.* "Mzigo ndio huu wa mwisho, boss wangu anafunga." Mtu akiharakishwa, hapati nafasi ya kujiuliza.

*Mashahidi wa kupanga.* Unadhani umekutana na watu watatu wasiojuana. Kumbe ni timu moja. Mmoja anauza, mwingine anajifanya mteja anayetaka kununua bei kubwa, wa tatu anapita kama msamaria mwema na kusema, "Hiyo dhahabu ni halali, mimi naijua."

*Tamaa au huruma.* Ni bahasha iliyookotwa mgawane, ni simu ya bei ya kutupa, au mzee aliyetoka mgodini asiyejua thamani ya jiwe alilobeba.

*Siri.* "Usiongee kwa sauti, watatusikia." Ukishakubali kunong'ona, umeshajitenga na watu ambao wangekusaidia.

*Hatua ndogondogo.* Kwanza umeombwa uelekeze njia. Kisha usogee kivulini. Kisha ushike bahasha. Kisha uweke simu yako ndani kama dhamana. Hakuna hatua inayoonekana kubwa, mpaka unapogeuka.

Ukweli ni kwamba maneno ya kushawishi si uhalifu. Winga anayekuita "mrembo" au "boss" na kukushika mkono mpaka dukani naye anatumia ushawishi, ila mwisho wa safari unapata kiatu chako. Tapeli anatumia mbinu zilezile, tofauti ni kwamba mwisho wake hakuna kiatu.

Na kwa nini mtu anasema hakumbuki? Mtu aliyebanwa na haraka, hofu na matumaini kwa wakati mmoja hashiki vitu vizuri kichwani. Ongeza aibu. Kusema "nilipuliziwa" ni rahisi kuliko kumwambia mume au mke kwamba hela za ada umezitoa kwa mkono wako.

Na hiyo dawa?

Dawa za kulevya na za usingizi zipo, na wahalifu wanazitumia. Abiria wa mabasi ya mikoani wamekuwa wakionywa miaka mingi wasipokee soda, juisi, biskuti wala pipi kwa mtu wasiyemjua. Mmea wa mnanaha, ambao unaota hata pembeni ya barabara, una kemikali zinazoweza kumfanya mtu achanganyikiwe, asahau, hata afe.

Lakini dawa ya namna hiyo ikiingia mwilini huacha dalili: mdomo kukauka, mboni za macho kutanuka, moyo kwenda mbio, kuweweseka au usingizi mzito wa saa nyingi. Aliye hivyo anahitaji hospitali haraka. Yule anayetembea vizuri, anaongea vizuri, anaingiza namba ya siri kwenye simu bila kukosea na kutuma hela, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alishawishiwa kwa maneno.

Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakogharimu watu. Anayeamini kila tapeli ana unga, anajikinga kwa ndimu mfukoni au kwa kutopeana mkono na mtu, halafu anaacha mlango wenyewe wazi: anakubali kuharakishwa.

Ufanye nini ukihisi unavutwa

Simama. Usitembee na mtu usiyemjua kwenda "pale pembeni". Ingia duka lolote lenye watu, omba kukaa.

Piga simu kwa mtu wa nyumbani, mweleze kwa sauti kinachoendelea. Tapeli hapendi mtu wa tatu asiyempanga yeye. Mara nyingi ataondoka kabla simu haijapokelewa.

Jiwekee sheria kabla hujatoka nyumbani: hela za mzigo hazitoki mpaka umeona mzigo, umefungua boksi na umepewa risiti. Sheria uliyoiweka ukiwa umetulia itakulinda ukiwa umechanganyikiwa.

Kama umeshapigwa, nenda polisi siku hiyohiyo. Kituo cha Msimbazi kiko jirani, na namba ya dharura ni 112. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, hata kama hela ulizitoa mwenyewe kwa mkono wako. Kama ulituma kwa simu, piga haraka huduma kwa wateja ya mtandao wako kabla hela haijatolewa. Meseji za utapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", zipeleke kwenda 15040.

Na kama ni ndugu yako aliyerudi mikono mitupu, usimuite mjinga. Tume ya mfalme, madaktari na wasomi wametumia zaidi ya miaka 200 kujaribu kuelewa jinsi maneno ya mtu mmoja yanavyoweza kuongoza mwili wa mwingine. Mkaribishe akae, mpe maji, muulize taratibu ilikuwaje kuanzia mwanzo. Akieleza bila kuogopa kuchekwa, ndipo polisi watapata cha kuanzia, na wengine nyumbani watajifunza kabla na wao hawajashuka Gerezani na hela za mzigo.